Dawati Lililokatwa Kwenye Picha

Kilichonikera kwanza hakikuwa picha, kilikuwa vanishi. Niliingia kwenye ukumbi ule wa maonyesho mjini nikiwa na rafiki yangu wa kazini, na kabla sijaona chochote ukutani pua yangu ilikuwa imeshanirudisha Kibera, kwenye kibanda cha Baba. Fremu zote zilikuwa zimepakwa vanishi juzijuzi na hakuna aliyekuwa na subira ya kuziacha zikauke. Baba asingekubali. Kitu kikiwa bado kinanata kidole, kwake hakijaisha, hata mwenyewe akikilipia mara mbili.

Kisha nikaiona. Ilikuwa kubwa kama mlango, imetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe: mwanamume amelala mdomo wazi, maranda ya mbao kwenye nywele, na juu yake maneno meupe ya herufi kubwa, FUNDI AKIKUAMBIA UKUJE KESHO. Unaijua. Wewe mwenyewe umewahi kuituma, usinidanganye. Uliituma siku fundi wa nguo alipokuchelewesha na nguo ya harusi, au siku fundi wa mifereji alipozima simu maji yakiwa yamejaa sebuleni. Kibao kidogo chini yake kilisema msanii hajulikani. Kijana mmoja mwenye miwani mikubwa alikuwa akiwaeleza wageni kwamba kazi hii ni sauti ya umma, kwamba haina mwenyewe, na kwamba huo ndio uzuri wa sanaa ya mtandaoni. Rafiki yangu akanipiga kiwiko huku akicheka. "Huyu msee ni legend," akasema, "na pengine hata hajui."

Nikatoka nje. Sikuwa na nguvu ya kusimama pale nikielezwa kwamba baba yangu ni sauti ya umma. Na kuhusu msanii asiyejulikana, msanii alikuwa na miaka tisa, alikuwa na mapengo mawili mbele na amevaa ndara za mamake. Ni mimi niliyepiga picha ile.

Wakati huo tuliishi Kawangware, upande wa Kongo, chumba kimoja chenye pazia katikati. Kibanda cha Baba kilikuwa Kibera, karibu na Soweto East, na kila siku alitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Nafasi ile aliachiwa na kakake aliporudi Kitui, na mtu haachi nafasi ya kazi Nairobi eti kwa sababu ni mbali. Alitengeneza stuli, vitanda, makabati ya vyombo, kimoja kimoja, kwa watu waliohamia mjini na godoro tu.

Mafundi mnawajua. Fundi wa kwetu anakuambia kesho huku mbao zako bado ziko dukani. Baba hakuwa hivyo, na sisemi hivi kwa sababu ni baba yangu. Ukimwagiza stuli, alikuuliza unaitaka siku gani. Akikubali, alichukua ubao wa kwanza mbele yako, akaandika siku hiyo kwa penseli upande wa chini, pale ambapo vanishi haifiki, kisha akakuonyesha. Alhamisi. Ukija Alhamisi ulikuwa na haki ya kupindua stuli yako na kusoma. Wateja wake walizoea kupindua viti hapo hapo njiani, nami nikadhani ndivyo viti vyote vinavyonunuliwa. Siku moja nilipindua kiti cha mchungaji kanisani kutafuta siku, nikachapwa.

Likizo ile, Madam Nekesa, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya mabati pale Riruta, alimwambia Baba anataka madawati thelathini kabla shule hazijafunguliwa. Baba hakuwahi kupata kazi ya namna hiyo. Alipotuambia nyumbani alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Akiipata hii, shule nyingine zitamwita, atakuwa na jina lake juu ya mlango, na ataacha kuitwa fundi wa stuli. Lakini Madam alikuwa ameshaumwa na mafundi. Alitaka kwanza aone dawati moja, aletewe Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Baba akaandika Jumamosi kwenye ubao.

Ijumaa umeme ukapotea eneo lote tangu asubuhi. Mashine ya kukatia mbao ya jirani yake ikanyamaza, na mafundi wengine wote wakaenda kucheza drafti. Baba akachukua msumeno wa mkono na randa, na siku hiyo hakurudi nyumbani. Jumamosi asubuhi Mama akajaza chai kwenye chupa, akatutuma mimi na Mutuku tumpelekee.

Mutuku ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alilala kwetu, na alifanya kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, ya hapo Kongo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangazo: marehemu fulani atazikwa Mwingi, mhubiri fulani atakuwa uwanjani siku tatu, fulani anaomba kura yako. Nilikuwa nikishinda kando yake, na nadhani kusoma kwangu kulianzia hapo zaidi ya shuleni. Kwa hiyo kuna jambo nililijua kwa hakika, nalo ni kwamba uso wa mtu haupewi maneno bure. Ukiona uso na maneno makubwa juu yake, mwenye uso ni mtu wa maana. Amekufa vizuri, au anahubiri, au anataka kura. Hakuna aliyewahi kuniambia kuna aina ya nne.

Tulipofika kibandani, Mutuku alibaki nje akipiga stori na msichana wa kuuza mayai. Simu yake alikuwa amenipa nicheze mchezo. Nikaingia peke yangu. Dawati lilikuwa limesimama katikati ya kibanda, limeisha kabisa, limepigwa msasa, linang'aa, na nyuma yake Baba ameketi kwenye mbao, mgongo ukutani, kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kumwona ametulia. Nyumbani alikuwa mtu wa kuingia na kutoka, wa kutengeneza kitasa huku anakula. Nilimwona mzuri, na dawati nikaliona zuri, nikainua simu nikapiga vyote viwili pamoja. Kisha nikamwamsha anywe chai.

Saa tano na nusu tulikuwa Riruta na mkokoteni wa kuazima. Madam Nekesa alilitikisa dawati, akakaa, akamwita mtoto wa jirani naye akakaa. Baba akamwomba alipindue. Akasoma Jumamosi, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema yeye ameridhika ila lazima azungumze na kamati ya wazazi, basi Baba arudi Jumanne. Njiani kurudi Baba alinibeba kwenye mkokoteni, na alikuwa anaimba.

Jioni hiyo nilikuwa saiba na Mutuku. Akaiona picha kwenye simu yake, akacheka mpaka akashika meza. Akaihamishia kwenye kompyuta, akaanza kukata. Alikata upande wa chini wote, ukabaki uso. Nikamuuliza mbona anakata dawati.

"Deski haina joke, mtoi," akasema. "Acha tumfanye budako staa."

Akaandika yale maneno, akayapa rangi nyeupe na mpaka mweusi, akaituma kwa kikundi cha vijana wa mpira wa Kibera. Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linalonichosha zaidi, maana ningekuwa na mtu mbaya wa kumchukia ningeshapumzika. Ila mimi niliyekaa pale nikaona uso wa Baba na maneno makubwa juu yake, nikajawa na fahari mpaka masikio yakapata moto. Mutuku alitaka kuituma kwa kikundi kimoja. Mimi ndiye niliyemwambia aitume kwa vyote.

Kufikia Jumapili ilikuwa kanisani. Wakati wa matangazo niliwaona vijana wa kwaya wamekusanyika kwenye simu moja wakicheka kwa kuziba midomo, nikasogea, nikaona ni Baba. Nikawaambia huyo ni baba yangu. Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao, kwa sababu nilidhani ni kicheko cha harusi, kicheko cha kumfurahia mtu. Jumatatu kulikuwa na Baba mwingine, ameketishwa kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Halafu Baba amelala juu ya simba. Halafu Baba amelala mwezini, na bendera. Sikujua walikuwa akina nani waliokuwa wakimsafirisha hivyo, ila niliona wanajitahidi sana, na niliwashukuru. Baba na Mama walikuwa na kabambe, zile simu za vitufe ambazo hazikupokea picha. Katika Kawangware na Kibera nzima, wao wawili tu ndio waliokuwa hawajaiona.

Jumanne Baba alivaa shati la kanisani. Nikamwomba niende naye, akakubali. Madam Nekesa alitupokea mlangoni, hakutuambia tuketi. Alikuwa na haya, sasa naelewa, lakini wakati ule nilidhani ana haraka. Akasema kazi imepewa fundi mwingine wa huko mtaa wa Satellite. Baba akauliza kama dawati lilikuwa na kasoro. Madam akasema halina. Akahema, akatoa simu, akampa.

"Si mimi, Fundi. Hii kitu iko kwa group ya wazazi," akasema. "Wananiuliza kama wewe ndiye napea deski za watoto wao."

Baba alishika ile simu kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama picha. Mimi nilisimama nikingoja afurahi. Nilikuwa nimejiuliza tangu Jumamosi atafanya uso gani siku atakapojiona. Badala yake akapeleka kidole chini kabisa ya kioo, akasukuma picha juu kama anayetafuta kitu kilichofichwa chini yake.

"Hapa chini kulikuwa na deski yako," akasema. "Ndiyo nilikuwa nimemaliza."

"Fundi, mimi naona mtu amelala."

"Nililala kwa sababu nilikuwa nimemaliza."

"Nakuamini," Madam akasema. "Lakini nitaandikia wazazi mia nini?"

Ni hapo tu nilipoelewa. Nataka niwe mkweli: sikuelewa yote. Sikuelewa kwa nini mtu amcheke fundi aliyelala, wala nini maana ya kikundi cha wazazi. Nilielewa kwamba Baba amenyang'anywa madawati, na aliyemnyang'anya ni ile picha, na picha ni yangu. Baba akamrudishia simu, akamshukuru, akanishika mkono. Tulitembea mpaka nyumbani, na mimi nilikuwa nimekaza mdomo kwa nguvu mpaka taya likauma.

Jioni nilikimbia saiba. Nikamlilia Mutuku aitume picha nzima, ile yenye dawati, watu waone. Hakubisha. Alikuwa ameshapata habari na uso wake ulikuwa umekauka. Akaitoa ile ya kwanza, akaandika juu yake: HUYU FUNDI ALIKUWA AMEMALIZA KAZI. Akaituma kila mahali alipotuma ile nyingine, tukakaa tukingoja. Baada ya muda mtu mmoja akajibu kwamba hii haichekeshi. Mwingine akashukuru kwa kupata picha safi zaidi, akalikata dawati, akatengeneza Baba mpya amelala bungeni. Mpaka leo hamjawahi kuiona ile yenye dawati, na sababu ni hiyo tu. Ilikuwa na ukweli wote ndani na hakuna aliyeitaka.

Nyumbani Mama alikuwa amewaka. Si mtu wa kupiga kelele, lakini siku hiyo majirani walizima redio ili wasikie. Alitaka kujua ni nani aliyeingia kibandani akampiga mumewe picha kama mzoga. Mutuku akasimama mlangoni, akasema ni yeye. Alipiga, akakata, akaandika, akatuma. Hakunitazama hata mara moja. Mama akatupa shuka zake nje, na Mutuku akazikusanya akaenda kukaa na rafiki yake Kibera. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema, chumba kizima kilikuwa kimya kikimsikiliza yeyote, na nikaomba maji ya kunywa. Baba ndiye aliyeniletea.

Mambo yaliyofuata yananikasirisha hata nikiyasimulia. Yule fundi wa Satellite alichelewa, bila shaka. Shule ikafunguliwa watoto wakikaa chini kwenye sakafu. Alipozidiwa akaanza kutafuta watu wa kumsaidia, na aliyempata ni Baba. Baba akaenda. Alitengeneza madawati kumi na manane kati ya yale thelathini kama kibarua wa mtu aliyempokonya kazi, na alipoulizwa na Mama kama hana haya, akasema watoto wamekaa chini. Mwaka huo huo akaacha kibanda cha Kibera, kwa sababu wapita njia walikuwa wakichungulia na kumuuliza kama ameamka. Tangu hapo amefanya kazi kwenye karakana za watu. Jina lake halikuwahi kuwekwa juu ya mlango wowote.

Na picha ikaendelea na maisha yake. Nimeikuta kwenye fulana sokoni. Nimetumiwa na mhadhiri wangu. Mara mbili tatu nilijaribu kuandika chini yake kwamba huyu mtu alikesha akitimiza ahadi, na nikajibiwa kwa vikaragosi vya kucheka machozi. Mtu mmoja aliniambia nisichukulie mambo kwa uzito, ni utani tu. Najua ni utani. Mimi ndiye niliyeuleta mjini.

Kutoka kwenye maonyesho yale sikurudi kazini. Nilienda moja kwa moja Kongo. Mama alikuwa sokoni, Baba yuko nje ya mlango anatia mpini kwenye jembe la jirani. Nikaketi kwenye ndoo mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno, nikayasahau yote, nikasema tu kwamba ile picha ni mimi nilipiga, si Mutuku.

Hakuacha kusugua mpini.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu pale kwa Madam. Mtu mzima akisimama kibandani angeona utosi wake yeye Baba, akasema, na ile picha imeona chini ya kidevu. Yaliyompiga picha ni macho yaliyo kimo cha deski, na yeye kimo cha ile deski alikijua kwa inchi. Tena Mutuku ni mrefu, na hana tabia ya kuinama. Mutuku mwenyewe alimfuata kesho yake akamweleza yote, wakakubaliana mtoto asitajwe. Aliyasema haya kwa utulivu, kama anavyoeleza kwa nini mlango haufungiki.

Hasira iliyonipanda sijui ilitoka wapi. Nilikuwa nimekuja kuungama na nikakuta mambo yangu yalishajadiliwa na kumalizwa na watu wengine. Zaidi ya miaka kumi nimelala na kitu hiki. Nimekwepa macho yake mezani, nimemnunulia redio, viatu, koti, kila mwisho wa mwezi kitu, na kila mara akisema asante mami nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima, kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Neno moja tu lingetosha.

Baba akaweka jembe chini.

"Ningekuuliza, ungesema ni Mutuku," akasema. "Ulikuwa umeogopa sana. Sasa ingekuwa mimi ndio nimekufunza uongo. Nikasema wacha ningoje, atakuja kuniambia mwenyewe siku yake."

Akanitazama vizuri, akaongeza kwamba hakujua itachukua muda hivi.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatabasamu, hata. Lakini mimi niliinama nikashika kichwa, kwa sababu nchi nzima inamcheka mzee huyu kwamba anangojesha watu, na ni yeye aliyekuwa amengojeshwa miaka yote hii, na aliyemngojesha ni mimi.